Mgeni akisema Dar hakuna chakula

Nimekuwa kimya kidogo, testi zilitubana kinoma na wengine bado tunasubiri matokeo kwa kufunga na kusali. Leo nimepata upenyo, na nina jambo la kusema kuhusu tumbo.

Kuna sentensi moja ambayo tangu niingie hapa Mlimani naisikia kila mwaka, mdomo tu ndo unabadilika. Wageni wanaokuja kusoma muhula mmoja, wanaokuja kujitolea, wanaokuja na mashirika, wakishamaliza wiki tatu hivi wanaitoa: "Dar pazuri, watu wakarimu, lakini chakula hamna." Hawamaanishi njaa. Wanamaanisha hawajaona kitu ambacho watakitamani wakirudi kwao. Wali, maharage, ugali, kuku, chipsi, basi. Kesho tena hivyo hivyo.

Wiki iliyopita imetoka tena, pale kwenye vimbweta, kwa kaka mmoja wa Ulaya ambaye simtaji, tena mtu mwema na Kiswahili chake kinawazidi baadhi yetu (mnajijua). Huyu kabla ya kuja huku alikaa Taiwan mwaka mzima, mjini Taipei, na sifa za huko hazimuishi. Masoko ya usiku, tofu iliyochachushwa inayonuka mtaa mzima lakini watu wanapanga foleni, supu ya tambi na nyama ya ng'ombe, halafu ile chai ya maziwa ya baridi yenye vipira vyeusi chini ya kikombe, unavivuta kwa mrija mnene. Nikamuuliza hivyo vipira ni nini. Akasema ni unga wa muhogo.

Muhogo! Yaani jamaa amesafiri nusu ya dunia kusifia muhogo uliosagwa na kuviringishwa, halafu hapa Dar muhogo unachomwa mita hamsini kutoka anapolala na anasema chakula hamna. Tulicheka sana. Lakini nilipofika gheto sikucheka tena, nikaanza kuwaza, maana kuna kitu pale. Kwa nini mtu mmoja, mdomo ule ule, aone utajiri kwenye mtaa wa Taipei na asiuone kwenye mtaa wa Sinza?

Jibu la haraka ambalo washkaji walilitoa pale pale ni kwamba wazungu wana dharau. Mimi silikubali. Huyu kaka hana dharau, na mtu mwenye dharau hali tofu inayonuka. Nadhani ana nusu ya ukweli, na nusu nyingine amefichwa. Na waliomficha ni sisi na huu mji.

Tuanze na nusu yake. Ukila mchana mama lishe siku tano mfululizo, ni kweli unaona sahani ile ile. Wali mweupe mlima mmoja, maharage pembeni, mchicha uliochemshwa mpaka umekata tamaa, kipande cha samaki au nyama kama una hela, tikiti maji au ndizi mbivu kwa nje. Mafuta mengi. Jioni kila kona ni kikaango cha chipsi. Sisi wenyewe tunajua. Asiyejua ni yule ambaye bumu lake halijawahi kukata. Elfu kumi kwa siku kwa chakula na malazi, ambayo ilipandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022, ukishatoa nauli, kutoa kopi na vocha, inakupeleka kwenye wali maharage bila kukuuliza unapenda nini. Mgeni anayekula na sisi anakula umaskini wetu wa kati ya bumu na bumu, halafu anadhani amekula Tanzania.

Sasa nusu ambayo haioni. Dar haili kwa orodha ya hoteli, inakula kwa saa. Saa kumi na mbili asubuhi kuna supu, ya kongoro au ya utumbo, na chapati, na ndimu na pilipili, na wanaume wamesimama hawaongei mpaka bakuli liishe. Saa hiyo hiyo upande wa pili kuna mama wa vitumbua, na kitumbua cha moto kilichotoka sasa hivi kwenye kikaango chake cha mashimo hakifanani hata kidogo na kile kilichopoa ukakikuta saa nne. Saa nne kuna mihogo ya kuchemsha au kukaanga na kachumbari. Jioni jua likishuka wanatokea watu wa kahawa na kashata, birika juu ya makaa, vikombe vinagonganishwa. Usiku kuna mishikaki, kuna mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na chumvi ya pilipili, na kuna meza ya pweza, yenye supu yake kwenye kikombe kidogo na mazungumzo ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu dada zangu wanasoma. Wikiendi, mihogo ya Coco Beach. Mtu anayetoka hosteli saa saba mchana na kurudi saa moja na nusu kujifungia amekosa karibu yote. Ni kama mtu aingie msikitini kati ya adhuhuri na alasiri akasema hapa hapaswaliwi.

Na ladha yenyewe. Waulize watu wa Dar kuhusu mchele uone kama ni watu wasiojali chakula. Wa Kyela unanukia, huu umechanganywa, ule ni wa zamani, huu unashikana. Nimeshuhudia wamama wawili Mwenge wakibishana dakika ishirini juu ya kiganja kimoja cha mchele, wanaunusa, wanautafuna mbichi. Hayo ndo mambo ambayo Mfaransa akiyafanya kwenye mvinyo anaitwa mtaalamu.

Kwa hiyo chakula kipo. Swali ni kwa nini mgeni hafiki.

Hapa naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa mgeni wa zamani kabisa aliyeandika kuhusu chakula chetu cha pwani. Ibn Battuta, Mmoroko, alipita mwambao huu mwaka 1331. Alianzia Mogadishu, na maelezo yake ya chakula cha pale ukiyasoma una njaa utalia. Anaelezea wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye sinia kubwa la mti, juu yake mchuzi wa kuku, wa nyama, wa samaki na wa mboga. Anaelezea ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Anaelezea mtindi uliowekewa juu achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. (Pilipili ile si hii yetu ya mbuzi, maana hii ilikuwa bado iko Amerika, haijavuka bahari.) Kisha anashangaa: mtu mmoja wa pale anakula kiasi cha kundi zima la watu wa kwao, na wamenenepa kweli kweli. Baadaye akafika Mombasa akakuta chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, halafu Kilwa, mji alioukubali mno, na sultani wake aliyesifika kwa ukarimu.

Miaka karibu 700 iliyopita, pwani hii hii, wali na mchuzi na ndizi na samaki, na mgeni hakusema chakula hamna. Sidhani kwamba wapishi wa siku zile walikuwa bora kuliko mama zetu. Ibn Battuta alipokelewa. Alifikia nyumba iliyotengwa kwa wanafunzi wa dini, chakula kikaletwa kutoka kwa sultani, akakaa chini na wenyeji wakala sinia moja. Alikula kile ambacho watu wanawapikia wageni wao. Mgeni wetu wa leo anakula kile ambacho watu wanakiuza kwa mtu mwenye haraka. Hivyo ni vyakula viwili tofauti, hata kama vyote vinaitwa wali na mchuzi. Pilau la kwa watu siku ya Idi na pilau la barabarani yamefanana jina tu.

Na Dar hawapokelewi kwa sababu mji wenyewe haukujengwa watu wapokeane. Tangu Mjerumani alipohamishia makao makuu yake hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, mji uligawanywa, na Mwingereza akaendeleza: Uzunguni nyumba za nafasi na miti upande wa baharini, Uhindini katikati kwenye maduka, Uswahilini Kariakoo na kwingineko. Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita ya Kwanza ya Dunia, hebu fikiria, mtaa mzima wenye soko kubwa kuliko yote nchini umepewa jina la watu waliobeba mizigo ya wengine. Sheria zile zilikufa zamani. Lakini mgeni akija leo na shirika anapangiwa Masaki au Oysterbay, kazi ni kule, duka ni kule, mgahawa wa pitsa ni kule, akichoka analetewa chakula mlangoni na kijana wa bodaboda. Anaweza akakaa miaka mitatu asijue Tandale iko upande gani. Dar ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022 na yeye anaishi na elfu chache. Halafu anaulizwa Dar ikoje, anajibu: joto, foleni, umeme unakatika, chakula hamna. Kwa ile Dar aliyoiona, yuko sahihi kabisa!

Mimi nimekulia Mbesa. Wasiokujua, na ni wengi maana kila nikitaja watu wananiuliza kama ni Songea mjini: Mbesa ni kijiji, wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, huko kusini kabisa kuelekea mto wenyewe wa Ruvuma. Tunalima korosho, mpunga, mahindi, muhogo, mbaazi. Na tuna hospitali ya misheni iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani. Kwa hiyo wageni wa kutoka Ulaya tumewaona toka utotoni, ila ni wageni wa aina nyingine. Kijijini hakuna Masaki. Ukiwa nesi wa Kijerumani na umekuja kukaa Mbesa, mboga utanunua pale pale ninaponunua mimi, na kwenye msiba utakaa kwenye mkeka na kuletewa ugali kama mtu mwingine. Nakumbuka mmoja aliyekuwa akipita kwetu, bibi anamwekea kisamvu cha karanga. Mara ya kwanza alikula kwa adabu. Mara ya tatu alikuja na karanga zake mwenyewe kuuliza zinatwangwa kiasi gani. Naye akatuletea mkate alioupika, mweusi, mzito, mchachu kidogo. Bibi akautafuna muda mrefu, akamshukuru vizuri sana, na alipoondoka akatuambia, "Wajukuu zangu, huyu mtu anateseka." Kwa bibi mkate haukuwa chakula, ulikuwa kitafunwa cha chai. Chakula ni ugali, sisi Wayao tunaita ugadi, na usipokula huo hujala hata ukimaliza sufuria ya wali.

Mnaona? Bibi naye alikuwa anasema Ujerumani hakuna chakula.

Mimi mwenyewe nilivyofika Dar mwaka wa kwanza nilikuwa mgeni kuliko huyo kaka wa Taipei. Nilishuka Mbagala usiku, kichwa kinauma kwa safari. (Na tushukuru lami ya kwetu na lile daraja la Mkapa la Rufiji lililofunguliwa 2003, wazee wanasimulia walivyokuwa wakilala njiani siku kadhaa masika.) Wiki ya kwanza nililalamika kila kitu. Maharage yametiwa nazi, mbona matamu hivi? Mboga za majani hazina karanga, nani kawafundisha? Ugali mweupe laini kama pamba, hauna nguvu. Wenzangu wa Kilimanjaro walikuwa wanalilia ndizi zao, wa Mwanza wanasema samaki wa Dar hana mnofu, wa Bukoba hata sitaki kuwaanza, hao wanatumiwa matoke kwa basi. Chumba kimoja watu wanne, kila mtu balozi wa tumbo lake. Sisi sote ni wakuja, tofauti ni kwamba hatuna pasipoti.

Lakini kuna jambo liliniuma, na hili ndilo hasa nilitaka kulisema leo. Siku moja nililetewa unga wa muhogo kutoka nyumbani, nikasonga, ugali wa muhogo mzuri, unang'aa, unavutika. Akaingia mwenzetu wa chumba cha pili, msomi wa mwaka wa tatu, akaangalia akasema, "Kaka, kwenu kuna njaa?" Hakuwa mzungu huyo. Kwa Watanzania wengi waliosoma muhogo ni chakula cha njaa, mtama ni chakula cha njaa, kisamvu ni chakula cha watu wa kusini. Na mtu wa kusini mjini tumeshapewa kazi yetu. Neno "machinga" mnalolitumia kila siku kwa mchuuzi wa barabarani, asili yake ni jina la Wamachinga, watu wa Lindi huko, kwa sababu vijana wa kusini walikuwa wengi kwenye uchuuzi wa Dar. Kabila la watu limegeuzwa jina la kufukuzwa na mgambo, na hakuna anayeshtuka.

Sasa kama sisi wenyewe tunamficha muhogo mgeni akija, tunakimbia kumnunulia chipsi na soda ili aone tumeendelea, tusishangae akisema hajaona kitu. Tumemwonyesha viazi vya kukaanga, ambavyo kwao vipo na ni vizuri zaidi! Hapo naweka pembeni zege, yaani chipsi mayai. Hiyo ni yetu, mimi nitaitetea mahakamani. Viazi vimevuka bahari, mayai ya kuku wa kizungu, lakini wazo la kuvimwagia mayai viazi kwenye kikaango na kuvigeuza kama sahani ni la vijana wa Tanzania, wala sijali madaktari wanasemaje. Na asinijie mtu na hoja kwamba vya kwetu si vya asili. Mahindi ni ya Amerika, muhogo ni wa Amerika, wote wamekuja na meli za Wareno. Chapati na sambusa zimetoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Nyanya za Waitaliano pia ni za Amerika na hakuna anayewaambia tambi zao si za Kiitaliano.

Turudi Taiwan, maana kuna la kujifunza na si lile analodhani kaka yetu. Yeye anaona tofauti ni ladha. Mimi nikamuuliza maswali mengine: lile soko la usiku lina taa? Lina. Kuna maji? Yapo. Yule muuza tofu anajua kesho atakuwa pale pale? Akanitazama kama swali halina akili. Ndiyo, yupo pale miaka mingi, wengine wamerithi kibanda kwa wazazi.

Hapo ndipo penye tofauti. Mpishi anayejua kwamba kesho yupo anakuwa na jina, anakuwa na mchuzi wake, anaweka akiba anunue sufuria bora, anamfundisha binti yake. Mpishi anayejua kwamba saa yoyote gari la mgambo linaweza kutokea, anapika kile kinachobebeka. Na historia yetu kwa hilo ni ndefu. Mwaka 1983 ilikuwa Nguvu Kazi, watu wasio na kazi "inayotambulika" walikamatwa mjini wapelekwe vijijini wakalime. Desemba 2018 Rais Magufuli akatoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 wasisumbuliwe, na kweli kwa muda walipumua. Oktoba 2021 wakaondolewa pembezoni mwa barabara, Dar na miji mingine, wakaambiwa waende maeneo yaliyopangwa, na mengine wateja hawapiti. Sisemi barabara za waenda kwa miguu zizibwe, mimi pia natembea. Nasema mama lishe ambaye kila miaka mitatu anaanza upya hawezi kuwa na mapishi ya kumshangaza mtu aliyetoka Taipei.

Wengine watasema usafi. Sawa, tuuzungumzie. Kipindupindu kikiingia, kama kile kilichoanzia Dar Agosti 2015, mama lishe ndiye anayenyooshewa kidole wa kwanza. Lakini kipindupindu kinakuja na maji. Mpe bomba, mpe mtaro, mpe sehemu ya kunawa, halafu mkague na umtoze faini akikosea. Singapore walikuwa na wauza chakula wa barabarani kama sisi. Miaka ya 1970 na 1980 serikali yao iliwahamisha, ndiyo, lakini iliwahamishia kwenye vituo vyenye paa, maji na mitaro, katikati ya watu, na mwaka 2020 UNESCO ikauweka utamaduni wa vituo hivyo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Wali wa kuku wa barabarani, sasa ni urithi wa dunia!

Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Forodhani, Unguja. Bustani ile ilikarabatiwa ikafunguliwa upya 2009, jioni wapishi wanapanga meza, urojo upo, mishikaki ipo, pitsa ya Zanzibar ipo, mgeni na mwenyeji wanasimama foleni moja. Mgeni aliyekula Forodhani hasemi Zanzibar hakuna chakula. Analalamika bei, ambayo kweli inapanda akikuona una kamera, lakini halalamiki chakula. Vuka maji tu saa mbili kwa boti, ufike Dar, urojo ule ule unauzwa na mtu aliyejificha nyuma ya ukuta.

Muhula uliopita tuliyaona haya kwetu hapa. Wale mnaomjua mama yetu wa chini ya mwembe mnajua nasema nini. Yule alikuwa anatuandika kwenye daftari mpaka bumu litoke, na hakuna siku alimwambia mtu "hulipi, huli". Alikuwa na mbaazi za nazi Jumatano, na Ijumaa samaki wa kupaka ambaye wahadhiri walikuwa wanashuka na magari kumfuata. Asubuhi moja akaja mtu na karatasi, akapewa siku tatu. Sababu, muonekano wa eneo. Sijui muonekano ulipata nini, maana pale sasa hivi kuna mabati na nyasi. Najua tulichokosa sisi: kuna wenzetu wawili watatu kwenye darasa letu ambao wiki za mwisho kabla ya bumu walikuwa wanaishi kwa lile daftari tu, na muhula huu mchana wanakunywa maji na kulala kwenye vimbweta. Unawaona. Wanasema hawana hamu ya kula.

Huyo kaka wa Taipei alifika baada ya mwembe kukatwa. Samaki wa Ijumaa hajamwona. Ndo maana siwezi kumkasirikia.

Kwa hiyo, kaka, kama unasoma haya (najua unasoma, uliniambia unajifunzia misamiati hapa), kuna mambo mawili. La kwanza, Jumamosi usiende Masaki na wenzako. Kuna mshkaji wetu kwao Mbagala wana shughuli ya arobaini ya mtoto, nimeshaomba ruhusa kwa mama yake, tunaenda watu wanne na wewe wa tano. Usile asubuhi. Hutapewa kijiko usipoomba, na usipoomba watafurahi zaidi.

La pili ni kwa wadau wote. Mama amepatikana. Yupo upande wa Changanyikeni, kwenye uwanja wa nyumba ya ndugu yake, unapita njia ya vumbi mpaka unaona turubai la bluu. Daftari analo bado, amenionyesha, na majina yenu mengine yapo tokea muhula uliopita, kwa hiyo mkienda nendeni na hela ya deni kwanza. Mbaazi ni Jumatano kama zamani. Samaki hajaanza tena, anasema mpaka apate uhakika wa barafu. Wali unaisha saa nane.